Paa la Gari la Babu Melkiory

Kokuberwa, uko? Shangazi Adelgunda amenisimulia sasa hivi habari ya babu na lile gari. Sijui niuweke wapi uso.

Mwaka 1955 babu alinunua gari bovu la wazi kwa mzungu wa mgodi wa bati huko Kyerwa. Kuku walikuwa wanatagia ndani. Akalitengenezea uani kwao Ihembe, akakwangua kutu, akaifungua injini na kuifunga tena mpaka ikawaka.

Likabaki paa. Turubai lilikuwa limeoza lote.

Sasa sikia. Mama yake alikuwa ameweka lubugo, kile kitambaa cha gome la mti, ili aje azikwe nayo. Babu akaichukua bila kumwomba. Akaikata, akaishona ikawa paa, akajiambia atamnunulia nyingine.

Jumapili akaegesha mbele ya kanisa. Watu wakalizunguka gari, wanapapasa paa, wanamsifu. Mama yake naye akapapasa. Akakuta mshono alioushona yeye mwenyewe kwenye lubugo yake.

Akamuuliza taratibu, "Melkiory, mbona unanizika nikiwa hai?"

Mbele ya kanisa zima, Kokuberwa. Unanizika nikiwa hai.

Babu alitaka kusema ni kitambaa tu, akaghairi. Akatoa kisu, akakata nyuzi, akaikunja lubugo, akapiga magoti vumbini na kumpa kwa mikono miwili.

Mama yake akaipokea. "Inuka," akasema, "watu wanatuangalia."

Kisha akashika njia ya nyumbani kwa miguu. Babu akaliacha gari pale pale, akamfuata nyuma, hathubutu kutembea sambamba naye.