Bibi, Uliondoka Sijamaliza Kusoma

Bibi yangu wa Mutuka, shikamoo.

Juzi mwanangu aliniuliza kitu cha kwanza nilichowahi kuandika maishani ni kipi. Yuko darasa la tano, na mwalimu wao amewatuma wawaulize wazazi. Nikamjibu ni insha, insha kuhusu mkoa mpya. Akataka kujua ilisemaje. Nikamwambia nimesahau, nenda kaoge. Uongo mtupu! Ninaikumbuka yote, na inanichoma mpaka leo. Basi acha nikuandikie wewe, maana ilikuwa yako kuliko ya mtu mwingine yeyote.

Unakumbuka Babati ilipofanywa makao makuu ya mkoa? Mji ulichangamka ghafla. Wageni wakajaa, kodi za vyumba zikapanda, wenye maduka wakaita mafundi rangi waje kufuta neno Arusha kwenye vibao na kuandika Manyara. Wewe ulifika kwetu Maisaka asubuhi na kibuyu chako cha maziwa kama kawaida, ukamkuta baba anamweleza mama habari hizo. Ukasikiliza, ukaweka kibuyu chini, ukamuuliza baba kwa Kiswahili, kwa sababu mama alikuwepo na mama ni mtu wa Moshi:

"Sasa mimi nahama mkoa bila kubeba chungu hata moja?"

Baba alicheka mpaka akatafuta kigoda. Mama naye hoi. Lakini aliyecheka kuliko wote ni wewe mwenyewe, ukajipiga paja, ukaongeza: "Arusha mimi sijafika hata siku moja, na saa hii naambiwa nimetoka huko! Paulo, hii serikali yenu inajua kutembeza watu."

Kile Kiswahili chako, bibi. Ulikianza uzeeni, na ulikianza kwa ajili yangu. Nyumbani tulizungumza Kiswahili, na Kigorowa, lugha yako na baba, changu kilikuwa cha njoo, kula, funga mlango, basi. Bibi wengine wa Mutuka walilalamika kwamba wajukuu wa mjini wamepotea. Wewe ulisema hakuna shida, nitajifunza mimi. Ukajifunza kwa wanawake wa sokoni, kwa redio ya jirani, na kwangu. Wikiendi nikija kwako tulikaa jikoni ukanisimulia usichana wako: jinsi ulivyojificha ndani ya kihenge siku washenga walipokuja, na vumbi la mtama likakufanya upige chafya. Neno likikupotea uliweka la Kigorowa mahali pake ukasonga mbele. Sikuwahi kukwama hata mara moja.

Ndipo mwalimu wetu wa Kiswahili akatuambia darasa la sita tuandike insha juu ya mkoa mpya, itakayopendeza isomwe siku ya wazazi. Wenzangu waliandika kwamba mkoa una ardhi yenye rutuba na hali ya hewa nzuri. Mimi nikakuandika wewe. Mpaka siku ile nilikuwa nimenakili tu ya ubaoni. Hiyo ndiyo mara ya kwanza nilipokaa na kalamu nikatoa kitu kichwani mwangu, na kilichotoka kichwani ni bibi yangu na kibuyu chake.

Mwalimu aliisoma mezani kwake akicheka peke yake. Akaniita. "Tere, hii utaisoma wewe. Ila usisome kama mtangazaji wa redio. Ukifika kwa bibi, sema kama bibi, na sauti yake kabisa."

Nikajaribu mbele ya darasa. Weee! Watoto waliangukiana. Nilikuwa mtoto wa kukaa nyuma ambaye hakuna aliyejua yupo, na ghafla darasa zima linanitaka nirudie. Nikarudi nyumbani nikafanya mazoezi ya kukuiga: ile sauti yako ya kooni, mkono kiunoni, namna unavyovuta neno mwishoni ukiwa umeshangaa. Nilikuiga vizuri sana, bibi. Ndiyo aibu yangu, kwamba nilikuiga vizuri.

Na ni mimi niliyekubembeleza uje. Nikakwambia, "Bibi, nimekuandika." Ukauliza, "Umeniandika wapi?" Nikasema kwenye karatasi, na nitaisoma mbele ya watu. Ulifurahi, ukawatangazia majirani wote wa Mutuka.

Ulifika mapema kuliko wazazi wengi, umejipaka mafuta, umevaa shuka yako ya heshima, na kwapani una kanga mpya haijakunjuliwa. Ulikuwa umeona watu wa mjini wanavyofanya: mtoto akifanya vizuri, wa kwao wanainuka, wanakwenda kumvika kanga mabegani huku wakipiga vigelegele. Wakakukalisha benchi la mbele, pamoja na akina mama.

Nikaanza kusoma. Nilipofika kwenye chungu, uwanja mzima ulilipuka. Mgeni rasmi alivua miwani akafuta machozi. Mtu akauliza huyo bibi ni nani, na mtoto mmoja wa darasani kwetu akanyoosha kidole, "Yule pale!" Vichwa vyote vikageuka.

Ulikuwa unatabasamu, kisha tabasamu likakauka. Jikoni kwako, nikizungumza polepole, ulielewa yote. Lakini kwenye kipaza sauti, kwa mbio zile, kelele zile, ulichokisikia ni sauti yako mwenyewe inatoka mdomoni mwangu, na watu wanacheka. Nami kwa jinsi nilivyokolea, badala ya kuacha, nikaweka mkono kiunoni. Wakacheka zaidi. Nilipoinua macho tena ulikuwa unatoka getini, kanga bado iko kwapani.

Sehemu ya pili ya insha ndiyo iliyokuwa nzuri, na hukuisikia. Niliisoma nikiangalia nafasi yako tupu. Na kwa kuwa hakuna aliyecheka, nilidhani inawachosha, nikaiharakisha nimalize.

Nilikukimbilia. Nikakukuta njia ya Mutuka, nyumba za mwisho umeshazipita. Hukuwa na hasira. Uliniuliza kwa Kigorowa, na nilielewa kila neno: "Ndivyo ninavyosikika?"

Bibi, nilikuwa na mengi ya kusema. Nilitaka kukwambia wamecheka kwa sababu wamekupenda, kwamba baba alicheka vilevile na wewe ukacheka naye, kwamba bado kuna sehemu haijafika. Nikatafuta Kigorowa cha maneno hayo yote nikakuta sina. Nikasema tu, hapana. Ukanishika kichwa, ukasema haya, ukaenda zako.

Afadhali ungenichapa. Kesho yake maziwa yalikuja kama kawaida. Lakini tangu siku ile mpaka unaingia kaburini hukunisemesha tena Kiswahili. Kwa mama ulisalimia kwa kichwa. Kwangu ulitumia yale maneno machache ya Kigorowa uliyojua ninayajua, polepole, kama mtu anayemlisha mgonjwa. Hadithi zikaisha. Ya kihenge mpaka leo sijui nani alikutoa humo, na baba nilipomuuliza alisema hajawahi hata kuisikia. Ulikuwa umenisimulia mimi peke yangu.

Nilikuwa shule ya bweni ulipotutoka. Kwenye mazishi wazee walisimama mmoja mmoja wakakusifu kwa Kigorowa, muda mrefu, na watu wakalia. Mimi nilikuwa namvuta shangazi mkono: wanasemaje? Wanasemaje? Akanitafsiria kidogo, kisha naye kilio kikamzidi.

Siku hizi naandika kwa ujira, bibi. Michezo ya redio, vitabu vya watoto. Wananisifu kwamba watu wangu wanazungumza kama watu. Sifa hiyo hunifanya nitake kuondoka chumbani. Kila nikimwandika mzee anayehangaika na Kiswahili, nakuona umekaa benchi la mbele na nauliza: akisikia hili atacheka nasi, au atainuka? Nikiwa sina uhakika, nafuta. Nimefuta mengi mazuri na sijutii hata moja. Ninalojutia ni lile ambalo sikulifuta.

Sasa nakuwekea hapa ile sehemu ya pili, nikisoma polepole kama tulivyokuwa jikoni. Iliandikwa hivi:

"Bibi yangu alianza kujifunza Kiswahili akiwa mzee. Hakuna aliyemlazimisha. Alijifunza ili tuzungumze mimi na yeye. Watu wazima wengi hawapendi kukosea mbele ya mtoto, lakini bibi anakosea mbele yangu kila siku. Mkoa ukigawanywa tena, mimi nitakaa upande ule alioko bibi."

Ndivyo ilivyoishia. Nilizoea kujiambia kwamba ungesubiri kidogo tu, yote yangekuwa sawa. Siku hizi sisemi hivyo tena. Hukuwa na sababu ya kukaa pale uchekwe ukingoja kusifiwa. Mimi ndiye niliyepaswa kuanza na sehemu hii.

Pumzika, bibi.

Mjukuu wako,
Tere wa Paulo