Waziri wa Nyumba Aliyelala Gulwe

Gulwe,
2/11/1997

Mwanangu Hana,

Mbukwa. Natumaini u mzima huko Dodoma na kazi yako ya kutunza vitabu vya Bunge inakwenda vizuri. Mimi mzima, ni goti tu linaloleta uhuni. Jirani yetu Debora anakusalimu sana. Mbuzi wake wamezaa mapacha, wangu wamegoma.

Nakuandikia kwa mkono wangu mwenyewe, ule uliofundishwa kisomo cha watu wazima, ili usije ukasema nimetiliwa maneno. Kaka yako Daudi amekuja kutoka Kibaigwa na mabati. Mahindi yamemkubali. Na siku hizi mabati yanauzwa kila duka kama nyanya, wakati zamani hata padri aliomba kibali. Anataka avunje tembe letu la paa la udongo anijengee nyumba ya bati. Nimemwambia tembe hili halivunjwi mpaka waziri wa nyumba aje mwenyewe. Amecheka mpaka akakohoa.

Wewe unapishana na mawaziri mlangoni. Hebu nitafutie: waziri wa nyumba siku hizi ni nani? Na yule wa zamani, Mhehe mmoja mrefu aliyelala kwetu ulipokuwa mchanga, yuko wapi? Nataka pia kujua uwaziri huo ulianzaje, na waziri akiondoka, maneno yake anayarithi nani. Kwetu mtu akifa, mrithi huchukua jina lake na ahadi zake. Huko Serikalini mnafanyaje?

Ni mimi mama yako,
Dorkasi


Dodoma,
15/11/1997

Mama mpendwa,

Shikamoo. Pole na goti. Mimi mzima, ila vumbi la Dodoma limeniingia kifuani na mafua hayaishi.

Barua yako ilinichekesha, kisha ikaninyima raha, maana swali lako limewashinda hata wakubwa hapa ofisini. Nimeshinda wiki nzima kwenye Hansadi, vile vitabu vinavyoandika kila neno linalosemwa bungeni. Mama, nyumba haijawahi kuwa na wizara yake peke yake. Ni kama binti anayelelewa kwa ndugu. Kuna miaka ilikaa na afya, miaka mingine na ardhi, ikaja ikawekwa pamoja na maji, ikarudishwa kwa ardhi na miji. Leo neno lenyewe halimo hata kwenye jina la wizara. Wanasema Ardhi na Maendeleo ya Makazi. Nilimwuliza mzee mmoja wa ofisi, nyumba imekwenda wapi? Akasema imo humo humo, ndani ya makazi. Sikuridhika.

Kingine kitakachokufurahisha: Serikali ilisema itahamia Dodoma tangu nikiwa mtoto, lakini mawaziri bado makao yao ni Dar es Salaam. Bunge likikaa, wote hutafutiwa vyumba vya kulala, pamoja na huyo mwenye makazi.

Kuhusu urithi nilimwuliza dereva wetu, Bartolomayo, Mhehe wa Iringa mwenye majibu ya kila kitu. Anasema waziri akitoka anaacha kiti na gari. Maneno yake hakuna anayeyapokea.

Niambie zaidi kuhusu huyo Mhehe wako. Mwaka gani? Alisema nini hasa?

Mwanao,
Hana


Gulwe,
29/11/1997

Mwanangu Hana,

Mbukwa. Pole na mafua, chemsha majani ya mkaratusi ujifukize. Hapa mvua imeanza mapema, na ni ya hasira.

Barua yako nimemsomea Debora mara mbili. Aliyeweka nyumba na maji pamoja hajawahi kulala kwenye tembe wakati wa masika. Debora anauliza, ilipokaa na afya, waganga ndio waliokuwa wakijenga? Ulizia.

Ulikuwa mwaka sabini na moja, tulipoamriwa kuhamia vijijini. Ulikuwa na wiki mbili. Mhehe alikuja kwa Landrova, tope likaikamata, akalala kwetu. Asubuhi alisimama mbele ya watu akasema, "Nyumba hii isiguswe mpaka waziri wake arudi." Baada ya siku chache mgambo walikuja kubomoa matembe ili watu wahame upesi. Nilisimama mlangoni na wewe mgongoni, nikawaambia waziri wa nyumba amekataza. Wakapita. Walivunja yote yaliyobaki, hili wakaliacha, na kijiji kikaja kupangwa pembeni yake.

Sasa niambie, neno kama hilo naweza kulivunja kwa sababu Daudi ameuza mahindi?

Mama yako,
Dorkasi


Dodoma,
12/12/1997

Mama mpendwa,

Shikamoo. Naandika haraka maana nina hofu. Redio inasema mvua hizi za El Nino hazijafika hata nusu. Boriti za tembe zimeliwa na mchwa, nilizigusa mwenyewe Pasaka, vidole vikazama. Na juu yake pana udongo wa kina cha mkono mzima. Ukilowa utakuangukia.

Nimetafuta, mama. Mwaka ule, mwaka uliotangulia na uliofuata. Katika wote walioshika nyumba, hakuna Mhehe uliyemwelezea. Yule hakuwa waziri. Pengine alikuwa mtumishi wa wilaya, na watu wakamkuza kwa sababu ya Landrova. Najua unalipenda jambo hili na naona vibaya kulisema. Lakini kama hakuwa waziri, hukufungwa na kitu. Tafadhali hamia kwa Debora leo hii, nyumba yake ina bati.

Mwanao anayekuombea,
Hana


Gulwe,
21/12/1997

Mwanangu Hana,

Mbukwa. Goti limenyamaza, sijui linapanga nini.

Nani alikuambia kwamba Serikali ndiyo iliyompa uwaziri? Nilimpa mimi. Alikuwa bwana ujenzi wa wilaya, amekuja kuonyesha matembe ya kuvunjwa. Akaniambia, "Mgogo, hili shimo la panya unaliita nyumba?" Nikajua ni mtani huyu, maana Wahehe na sisi Wagogo tunataniana tangu mababu. Nikamwambia, "Mla mbwa, leo mbwa hatukupika, utakula mlenda na utalala shimoni." Akala, akalala, akakoroma. Asubuhi nikamwambia, kwa kuwa paa langu halikukuua, nakuteua waziri wa nyumba. Akainua mkono akaapa, watu wanacheka. Ndipo akasema lile neno. Aliporudi wilayani akawaambia mgambo vile vile, nao hawakujua kuwa ni utani, au walijua.

Nilikuuliza kwa sababu nimekuwa nikijiuliza miaka yote hii. Nilisema labda Serikali nayo ilikuja kumwona ni mtu, ikampa uwaziri wenyewe. Basi haikumwona. Imekosa.

Kuhama kwa Debora ndiko kugumu. Siku ile walipopita kwangu, waliingia kwake. Alikuwa na mtoto wa kunyonya kama mimi. Alisimama hapo nje akitazama paa langu limesimama na lake limelala. Hajawahi kuniambia neno baya. Lakini nikilivunja leo kwa mkono wangu, kwa sababu tu kuna bati jipya, nitamwambia nini? Kwamba lilikuwa tembe la kawaida, na langu lilibaki bure tu? Hilo siliwezi, mwanangu. Afadhali udongo.

Utani hufungwa na mtani na hufunguliwa na mtani. Nipatie Mhehe yeyote. Huyo dereva wako atatosha.

Mama yako,
Dorkasi


Dodoma,
30/1/1998

Mama,

Shikamoo. Wiki zinapita sina neno lako. Reli imesombwa na maji, treni hazifiki Gulwe, wala barua. Nimekuandikia mara tatu, sijui kama umepata hata moja. Daudi naye amekwama Kibaigwa, malori hayatembei. Silali vizuri. Ukiwa hai nijulishe hata kwa neno moja.

Barua hii anakuletea Bartolomayo. Nilimsomea yako ya Desemba, akavua kofia. Ameomba likizo, atapanda lori mpaka Mpwapwa, kutoka hapo atatembea. Anasema wizara hii ameipokea bila mshahara. Nakuomba umsikilize.

Mwanao,
Hana


Gulwe,
16/2/1998

Mwanangu Hana,

Mbukwa, mbukwa sana. Mimi mzima. Bartolomayo atakupa barua hii, na atakuambia nimemlisha mlenda mpaka akaomba amani.

Alifika ametapakaa tope mpaka masikioni. Pembe ya jikoni ilikuwa imeshaanguka, nilikuwa nalala upande wa mbuzi. Alisimama uani akapaza sauti, "Mimi ndiye waziri wa nyumba, nimerudi." Watu wakatoka. Nikamwambia amechelewa miaka ishirini na saba. Akasema barabara za Ugogo ndizo zilizomchelewesha, zimejaa ombaomba. Watu walicheka, na mimi nilicheka, kwa mara ya kwanza tangu Krismasi. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida, "Mama, neno limefunguliwa. Toka." Nilimtazama Debora. Nilishindwa kutoka.

Basi Debora akaja. Nilidhani ataniambia jambo, nilikuwa nimejiandaa. Alinipita mlangoni, akaingia ndani, akatoka na chungu kikubwa, akakipeleka kwake. Akarudi, akachukua ngozi ya kulalia. Akarudi tena. Alitoa kinu, vibuyu, picha ya marehemu baba yako, mafiga yote matatu, hata ufagio. Nikaanza kubeba naye. Tulipokuwa wawili ndani aliniambia, "Mimi hawakuniachia nitoe hata chungu."

Nje mawingu yalikuwa yameshashuka juu ya mlima na udongo wa paa ulikuwa unadondoka. Bartolomayo akaita tufanye haraka, vyombo vingine vitapatikana. Debora akasimama mlangoni na kikapu cha mbegu za uwele kichwani.

"Mheshimiwa, subiri," akamwambia. "Mwenye nyumba bado anatoa vitu vyake."

Akasubiri.

Ni mimi mama yako, niliyeko kwa Debora,
Dorkasi