Donge la Damu Mguuni mwa Mzee Bonyeza

MAELEZO YA SHAHIDI
Shahidi: Mama Jeli, kama anavyoitwa kazini. Umri: miaka 46. Kazi: mpiga picha za ultrasaundi. Makazi: nyumba za watumishi, nyuma ya hospitali.

Mnamo tarehe 9 Juni, saa nne asubuhi, nilikuwa chumba cha ultrasaundi walipomleta marehemu akihema kwa shida. Nilimtambua mara moja. Ndiye aliyenifundisha kazi katika chumba kile kile, enzi hizo mashine ikiwa kubwa kama kabati. Tulimwita Mzee Bonyeza. Nikimgusa mgonjwa kwa woga alinitania, "Bonyeza, binti, hiyo siyo kengele ya jirani." Nazikumbuka sana siku zile.

Kaka yake, aliyemleta, alisema mkwe wa marehemu alimsukuma asubuhi hiyo wakigombea redio, akaangukia kifua. Picha ya CT ilikuwa imeshaonyesha donge la damu kwenye pafu. Donge la pafuni mara nyingi husafiri kutoka mguuni, hivyo daktari alinituma nitafute lilikotoka.

Mshipa usio na donge ukiubonyeza kwa kifaa hulala, kuta zake zikagusana. Mshipa wa mguu wa kulia ulilala vizuri. Wa kushoto, nyuma ya goti, haukulala. Ndani kulikuwa na donge lililoshikana na ukuta wa mshipa, gumu, si la asubuhi ile. Mzee aliomba nimgeuzie skrini. Alitazama, akatabasamu kama zamani nilipopatia.

"Hilo lina wiki mbili, tatu," alisema. "Mguu ulivimba, nikajikausha tu. Mkwe wangu msimsingizie."

Daktari aliangalia, akakubaliana naye. Mzee alifariki saa nane mchana nikiwa nimemshika mkono. Nililia, sikujikaza.

Kumbe kaka yake alikuwa ameshafika hapa kituo cha polisi, na yule mkwe amewekwa ndani kwa tuhuma za kumuua. Simlaumu, uchungu ulimpanda. Ila kusukumwa asubuhi hakutengenezi donge la wiki mbili. Picha nimezikabidhi. Mazishi ni leo saa kumi, na binti wa marehemu hana mwingine wa kumshika mkono ila huyo mume wake.

Hayo ndiyo niliyoyaona kwa macho yangu, sina la kuongeza.

Sahihi ya shahidi: (imewekwa), 10 Juni

Maelezo ya askari: Nimemsomea shahidi, amekubali ni sahihi. Daktari amethibitisha kwa simu. Mtuhumiwa ameachiwa saa tisa kasorobo. Kaka wa marehemu ameelezwa. Amesema atamsubiri mkwe huyo mlangoni waende kuzika pamoja.