Kiti cha Shija Kimekuwa Kidogo

Ndio, Madam Yustina, bado natengeneza masofa hapa Ilembo, na bado namwambia kila mteja yatakuwa tayari kesho. Hilo hata kifo chako hakijalibadilisha.

Ila Shija, mwanafunzi wako, kakua. Kile kiti cha darasani tulichomtengenezea ili akae wima, magoti sasa yanagonga meza na shingo imeanza kulala upande tena.

Unakumbuka siku ile? Ulimleta yule dada wa mazoezi ya viungo kutoka hospitali, ukamleta mama Shija, na mimi na sponji yangu begani. Kabla mtu hajafungua mdomo ukasema, "Kaeni kwanza kwenye kiti anachokalia Shija, mmoja mmoja, ndio muongee." Nikakaa, mbao ikanichoma mgongo. "Fundi, wewe dakika moja tu unalia, mwenzio anakaa mpaka saa nane." Tulicheka, Madam. Dada akasema huku ongeza sponji. Wewe ukasema msimbane, mkono wa kuandikia uwe huru. Mama akasema kushoto ndio panamuuma. Hakuna aliyekuwa bosi pale.

Ulivyoondoka kila mtu kashika njia yake. Naenda shule, mwalimu mkuu anasema tunasubiri hospitali. Naenda hospitali, dada anasema nasubiri shule waniite. Mama Shija akachoka, akasema basi, anamtoa shule, anampeleka Kasokola kwa bibi yake, huko ng'ombe hawaulizi mtu kakaaje. Alikuwa anatania, lakini macho mekundu.

Ndio nikafanya ujanja wangu. Mwalimu mkuu nikamwambia dada anakuja Ijumaa. Dada nikamwambia mkuu anakuita Ijumaa. Wakaja, wanashukuriana kwa mwaliko, mimi napima sponji kimya. Nikawakalisha kwenye kiti kama ulivyotufanyia. Mkuu akanasa, tukamvuta. Shija alicheka mpaka udenda.

Kiti kipya nimekipeleka jana. Kwa wakati, usizimie. Habari za Kasokola mama hazitaji tena.

Nimekumisi, Madam. Pikipiki ikisimama nje bado nadhani ni wewe, najiandaa kugombezwa.

Sasa tufanye hivi. Kila muhula nitawakutanisha hao watu, nakuahidi, hata kwa uongo. Wewe dhambi za huo uongo niombee huko, maana uko karibu na ofisi husika. Mimi miguu, wewe mdomo.

Pumzika, mwalimu wangu. Ukinyamaza, nahesabu umekubali.