Kwa Baba Akiru, Aliyeogopa Kuitwa Bwana Sweta

Mpendwa Baba Akiru,

Jana kaka yako Ebei alikuja hapa Kakuma kumchukua mtoto. Anataka Akiru akae na mbuzi upande wa Lokiriama likizo hii yote, atembee na wenzake juani kutwa nzima. Anasema mtoto amekuwa laini. Neno lile lile walilokuambia wewe. Ndiyo maana nimekaa chini kukuandikia, na hasira yangu yote.

Unakumbuka tulivyojenga akai yetu, nyumba yetu hii ya fito? Nilikuwa na tumbo kubwa la Akiru, siwezi kukunja fito na kuzifunga peke yangu. Kazi ya wanawake, lakini wewe ulikuja ukashika. Mimi nakunja, wewe unaushika ufito usichomoke, mpaka nimalize kufunga kamba. Ndugu zako wakapita. "Ejok, hujambo, mama mwenye nyumba!" Ebei akakusalimia hivyo, wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Wewe pia ulicheka, na mkono wako haukuachilia. "Wacha wacheke," uliniambia. "Mvua ikinyesha, hawa ndio watakuja kujificha humu." Nilikupenda siku hiyo kuliko siku yoyote.

Kwa hivyo ile siku ya Lodwar siielewi mpaka leo.

Ulikaa Kitale miaka miwili ukilinda geti, umevaa sweta hata mchana kwa baridi ya huko. Ukarudi mwezi wa pili, jua likiwa jua kweli. Tulikupokea kwa Ebei, kule Kanamkemer, Lodwar. Akiru alikukimbia kwanza, ukamvuta kwa biskuti, akakubali. Kesho yake asubuhi ndugu zako wakaanza, kwa sababu ulikuwa unatoka jasho na umekaa tu kivulini.

"Bwana Sweta! Tukuchotee baridi na jerikeni?"

"Hii mikono ni viazi vya Kitale, haiwezi koleo."

Walikuwa wanaenda kwa mto mkavu kupakia mchanga kwa lori. Nikakuambia, "Baba Akiru, pumzika hata wiki moja. Mwili wako bado uko Kitale." Ukanijibu bila kuniangalia: "Nimezaliwa kwa hili jua."

Ukachukua koleo. Ndugu zako walikunywa maji, wewe ukakataa kuomba, wasikucheke. Jua lilipofika juu ya kichwa ukaanza kuongea maneno yasiyoeleweka, ukaomba uletewe sweta yako. Sweta, kwa joto lile! Wakacheka tena. "Huyu amelewa." Wakakulaza chini ya lori, eti pombe itoke, na wewe pombe hukuonja. Nilipofika na chakula, ngozi yako ilikuwa kavu na inachoma kama sufuria. Nikapiga kelele mpaka wakaleta pikipiki. Hospitali walikumwagia maji, walifanya yote. Hukunitambua tena.

Kwa mazishi wengine walisema ni Mungu. Wengine walisema ulirogwa huko Kitale. Hakuna aliyetaja jua, kwa sababu huku mtu akisema jua limemuua Mturkana ni kama amemtukana marehemu.

Ni Mama Furaha aliyenieleza. Ni muuguzi, mkimbizi kutoka Kongo, yuko kliniki ninakompeleka Akiru. Siku moja nilimuuliza: kwa nini ufe wewe, na ndugu zako walikuwa kwa jua hilo hilo?

"Mwili haiko jiwe, mama," akasema. "Ndani iko kama ute wa yai."

Akaniambia mwili umejengwa kwa seli, vitu vidogo hata jicho haliwezi kuona. Ndani ya kila seli kuna protini zinazofanya kazi, na kila moja imekunjwa kwa umbo lake. Joto likizidi zinakunjuka, zinashikana ovyo, kama ute wa yai ukikutana na moto. Lakini seli ina protini zingine za kuikinga na joto. Hizo zinazishika zile zinazokunjuka, zisigandamane, mpaka zirudi kwa umbo lake. Nilipomsikia niliona mkono wako kwa ule ufito, nikalia hapo hapo mbele ya watu.

"Kwa hivyo bwana yangu hakuwa nazo?"

"Alikuwa nazo, kila mtu iko nazo. Lakini seli inatengeneza mingi ikionja joto kila siku, kidogo kidogo. Ukikaa kwa baridi, zinapunguka. Hata jasho, hata moyo, vyote vinasahau jua. Ukirudi, mwili inaomba siku za kukumbuka."

"Na kuzaliwa hapa?"

"Kuzaliwa haitoshi, mama."

Ndugu zako hawakukushinda nguvu. Walikuwa tu hawajatoka kwa jua. Wewe ulihitaji zile siku nilizokuomba, Baba Akiru. Ungekaa kivulini, utoke asubuhi kidogo, urudi, uchekwe, na seli zako zingejipanga zenyewe bila kumjali Ebei. Ulikataa kuchekwa wiki moja. Sasa Akiru akisikia jina lako ananiuliza, "Ni yule wa biskuti?" Hana kingine cha kukukumbuka nacho.

Jana Ebei alinikuta natengeneza akai. Upepo ulikuwa umeng'oa upande mmoja, Akiru amenishikia ufito. Nikamwambia: "Shemeji, likizo hii haendi. Tutatoka mimi na yeye jua la asubuhi, tuongeze pole pole. Na hata akizoea, mchana atakaa kivulini na maji yake, maana hata hizo kinga za mwili zina mwisho."

Akawageukia vijana aliokuja nao. "Njooni muone Mama Kivuli!"

Wakacheka vile vile walivyokucheka wewe. Akiru akaniangalia, ufito ukaanza kumponyoka.

"Shika," nikamwambia. "Wacha wacheke."

Akashika mpaka nikamaliza kufunga. Ebei akaondoka bila mtoto.

Lala, Baba Akiru. Kukusamehe bado. Lakini mtoto ana mkono wako, ule wa zamani, na huo sitamwachia mtu.

Mimi mkeo,
Mama Akiru,
ambaye tangu jana wanamwita Mama Kivuli, na anaitika.