Machozi Yangu Yalikuwa ya Nyangumi

Mshauri mpendwa, nisaidie kabla ya Ijumaa, siku meli yetu inapoondoka bandari ya Hobart, Australia, kwenda kwenye bahari ya barafu kusini kuwazuia wawindaji wa nyangumi, na mimi natamani kwenda na mume wangu Lachie, mwendesha boti, aliyenioa mwezi huu kwa pete aliyoichonga mwenyewe kutoka nati ya injini, na kila nikiitazama moyo unacheza!

Tatizo ni televisheni. Msimu uliopita wapigapicha walisafiri nasi, na wawindaji walipomchoma nyangumi jike chusa mbele ya macho yetu, nililia kwa sauti. Kipindi kiliporushwa, nyangumi hayupo! Machozi yangu wameyabandika pale Lachie anaposhuka kwenye boti, nikaonekana mchumba mwoga anayemlilia asiende. Sasa hata muuza mikate ananiuliza, "Vipi dada, leo hulii?" na mama mkwe, Noelene, alisema mbele ya keki ya harusi, "Mwanangu alihitaji nanga, kaoa leso."

Mtayarishaji anataka nilie tena gatini, la sivyo sina kitanda melini. "Kidogo tu, mpenzi, watu wanakupenda ukilia." Nahodha anasema nivumilie, kipindi kinatuletea wafuasi. Lachie kasema, "Wakikuacha, nami nabaki," akanibusu, nikayeyuka, lakini akibaki nani atasimama kati ya chusa na nyangumi?

Merrin, Hobart

Merrin,

Hongera kwa ndoa. Sasa pangusa pua unisikilize.

Kipindi nilikitazama. Uliulizwa unajisikiaje, ukajibu, "Inaumiza sana," ukanyamaza. Nini kinaumiza, bibi? Umewapa kitambaa kitupu, wakashona walichotaka. Safari hii sema, "Naumia kwa sababu wamemuua nyangumi yule," kwa pumzi moja, wakose pa kukatia.

Vitanda vya meli hugawiwa na nahodha, si televisheni. Nendeni kwake leo, wewe na Lachie. Mwambie utafanya kazi yako na kuvaa kinasa sauti, ila hulii kwa kuagizwa. Hawezi kusafiri bila mwendesha boti, naye anajua.

Gatini wakikung'ang'ania, itazame kamera usoni na umwite mpigapicha kwa jina, umuulize kama amekula. Kipande hicho hakitumiki tena, maana watazamaji watajua kuna mtu nyuma ya kamera. Warudie mara kumi, naye aulizwe mara kumi.

Na Noelene mwambie hivi: leso ikishika upepo ni tanga. Panda meli.