Pengo la Sharif

Mjukuu wangu, mume wangu Sharif,

Salamu hizi zikukute kambini mzima. Mimi nasema, mama yako anaandika, na nimemkataza kunirekebisha.

Mbuzi amezaa pacha. Mishi, yule binti wa jirani, bado anakuulizia, nami namjibu kwamba umeshaoa, mke ni mimi.

Siku hizi nikilala alasiri nakuota. Uwanja wa Matuga umejaa maji meupe kama tui, na vijana wanakimbia juu yake miguu mitupu, bila kishindo.

Uwanjani hapo ndipo watu wa jeshi walipokuhesabia meno mwaka jana, wakaona pengo, wakakurudisha. Ulilia. Mimi nikakupikia wali wa nazi huku nikificha furaha yangu. Jino hilo ulilivunja kwa muwa wa Ramisi, na muwa nilikupa mimi.

Kisha bomu moja likalipuka sokoni huko mpakani. Kabla ya arubaini ya waliokufa, vijana wakaitwa tena, mara tatu ya wale wa mwaka jana, na safari hii kinywa chako hakuna aliyekichungulia. Sasa redio inasema mtavuka mpaka mkapigane. Bomu moja tu, Sharif.

Jana katika ndoto kijana mmoja alinigeukia juu ya maji yale, akacheka. Alikuwa na sura yako na meno yote kamili. Nikamwambia, wewe si wangu, nikaendelea kutafuta.

Usiniletee nishani wala kitenge. Njoo usimame mlangoni, ucheke, nilione pengo.

Mkeo mzee,
Bibi Mejumaa